Mtafiti akikujia na swali la sampuli

Ukiwa mtakwimu wa tafiti za afya, mtafiti atakuja na rasimu ya itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, na swali moja: "Nahitaji watu wangapi?" Usimjibu, wala usifungue kompyuta. Mimi humpa karatasi tupu nikamwomba anichoree jedwali la matokeo anayotaka kuchapisha, bila namba ndani yake. Hapo ndipo inapojulikana kama anataka kupima ukubwa wa tatizo, kulinganisha makundi mawili, au hajaamua bado. Jedwali likigoma kuchorwa, utafiti haujaiva, na hesabu utakayompa itakuwa uongo wenye heshima.

Tuseme anataka kujua ni watoto wangapi wamekamilisha chanjo. Hana makadirio ya awali, kwa hiyo anaweka asilimia 50, akubali kosa la asilimia 5 kila upande, kwa uhakika wa asilimia 95. Jibu ni watoto 385. Wengi huishia hapo, na itifaki za namna hiyo mimi huzirudisha. Muulize: hao watoto utawapataje? Akisema atachagua vijiji kwanza, kisha watoto 20 kila kijiji, mkumbushe kwamba watoto wa kijiji kimoja wanafanana, maana wanategemea zahanati ileile na barabara ileile. Mfanano huo, unaopimwa kwa kawaida kati ya 0 na 1, ukiwa 0.05 tu, unazidisha kwa 1 + (19 × 0.05), yaani 1.95; hiyo 19 ni watoto 20 wa kijiji ukitoa mmoja. Sasa wamefika 751. Akitarajia mmoja kati ya kumi asipatikane, gawa kwa 0.9: watoto 835, vijiji 42.

Atashtuka. Usiikate namba ili kumfurahisha. Mpe njia nyingine. Akichukua watoto 10 kila kijiji, jumla inashuka hadi 622, lakini vijiji vinapanda hadi 63, na mafuta ya gari nayo yanapanda. Kuchagua ni kazi yake yeye na bajeti yake. Wewe andika mlichokubaliana, pamoja na ile 0.05 umeitoa wapi, kwa sababu kamati ya maadili itauliza.

Siku hiyohiyo zungumzeni majina ya waandishi wa makala itakayotokana na utafiti. Watakwimu vijana huona aibu kuliuliza hilo, halafu huambulia shukrani mwishoni mwa makala. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inahesabu kubuni utafiti na kuchambua data kuwa mchango wa mwandishi, mradi pia umeshiriki kuandika au kuhakiki makala, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika nalo.

Darasani, anza na namba ndogo. Jaribio la streptomycin kwa kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, lilikuwa na wagonjwa 107. Katika miezi sita walikufa 4 kati ya 55 waliopata dawa, na 14 kati ya 52 waliopewa mapumziko ya kitandani tu. Wape wanafunzi namba hizo na kalamu, bila programu yoyote. Wengi watakimbilia thamani ya p, ile namba inayoonyesha kama tofauti kubwa namna hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Subiri yule atakayeuliza wagonjwa waligawanywaje. Mwambie: kwa namba za nasibu zilizofungwa ndani ya bahasha, ili daktari asiweze kubashiri anayefuata ataangukia kundi gani. Kisha mchukue awe msaidizi wako wa kuhakiki itifaki; programu atajifunza baadaye.