Umemaliza chuo ughaibuni na unarudi Zanzibar: gari ndogo ipi ununue, na kwa hesabu gani

Kila ikifika mwezi wa saba, wa nane hivi simu zinaanza. Vijana wetu wa Leicester, wa Muscat, wa Kuala Lumpur, washamaliza chuo, wengine washaahidiwa kazi Mjini wengine bado, na suala ni lile lile: kaka mie narudi nyumbani, nataka gari ndogo isiyokula mafuta, nichukue ipi? Namuuliza utakaa wapi, kazini ni wapi, fundi wako nani. Kimya. Lakini picha ya gari keshanitumia, ya rangi ya buluu, na keshaipenda.

Mdogo wangu, anza na njia unayopita kisha ndo uje kwenye gari. Unguja yote kutoka ncha hadi ncha haizidi kilomita 85 au karibu na hapo, na wengi wetu safari zetu ni fupi fupi tu, Fuoni kwenda Mjini, Bububu kwenda Mjini, unasimama Amani, unasimama Darajani, injini haijapata moto vizuri ushafika, na eisi imewaka tangu unatoka mlangoni kwa joto letu hili. Safari kama hizo ndo zinazokula mafuta kuliko safari ndefu ya Nungwi. Kwahio ile namba iliyoandikwa kwenye tangazo usiichukue kama ilivyo. Wajapani wamekuwa na vipimo tofauti kwa nyakati tofauti, kulikuwa na kile cha 10-15, kikaja JC08, sasa WLTC, na kile cha zamani ndo kilikuwa kinasifia gari zaidi. Toyota Aqua ilipotoka mwisho wa 2011 ilitangazwa kilomita 35.4 kwa lita kwa JC08, na gari hio hio kwa kipimo cha 10-15 ilikuwa 40. Gari ni moja na injini ni moja, kilichobadilika ni kipimo. Ukilinganisha gari mbili hakikisha zimepimwa kipimo kimoja, na ukishapata namba, ipunguze sana ndo uifanyie hesabu.

Na nyinyi mlioko Uingereza msichanganyikiwe na maili kwa galoni. Galoni yao ni lita 4.5 na kidogo, kwahio maili 50 kwa galoni ni kama kilomita 17.7 kwa lita. Galoni ya Marekani ni ndogo, lita 3.8 hivi, huko maili 40 ni kilomita 17. Walioko Ulaya wanahesabu lita kwa kilomita 100, ukiona 5 ujue ni kilomita 20 kwa lita. Nimeshaona mtu kalinganisha namba ya Marekani na ya Uingereza akaona gari moja mbovu, kumbe zinalingana.

Sasa tufanye hesabu ya kweli, chukua karatasi. Tuseme unakaa Fuoni na kwenda kazini na kurudi ni kilomita 24, siku 26 kwa mwezi, jumla kilomita 624. Tuseme petroli shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, bei yenyewe ZURA, mamlaka inayosimamia mafuta Zanzibar, wanaitangaza kila mwezi utaangalia. Gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita itakula shilingi 187,200 kwa mwezi. Gari ndogo inayokwenda 16 itakula 117,000. Hapo umeokoa 70,000 kila mwezi, na kwa mtu anayeanza kazi hio ni pesa nzito, hio ni gesi ya nyumbani na vocha na kitu cha kumpa mama. Haya, haibridi, ile ya petroli na umeme pamoja, inayokwenda 22 itakula kama 85,000. Umeokoa 32,000 zaidi. Lakini ikiwa haibridi hio imekuzidi bei kwa milioni 5, gawa milioni 5 kwa 32,000, utapata miezi 156. Miaka 13! Mie hesabu hii nimeifanya na vijana watatu na wote wamenyamaza. Sisemi haibridi mbaya, anayeendesha kila siku Mjini hadi Paje kurudi Mjini hesabu yake ni nyingine kabisa, karibu kilomita 100 kwa siku, huyo haibridi inamrudishia pesa yake mapema. Ndo maana nakwambia anza na njia.

Kwenye gari zenyewe sitokuficha, mie ni mtu wa Vitz na Passo kwa anayeanza. Ile Vitz ya 2005 hadi 2010 ya cc 996 ina injini ya silinda tatu, 1KR, na Passo ya cc 1000 inatumia injini hio hio, maana yake spea zinaingiliana na kila fundi wa mtaani keshaifungua mara mia. Vitz iliyokuja mwisho wa 2010 ipo ya 1.0 na ya 1.3, IST ipo ya 1.3 na 1.5 na imeinuka kidogo kwahio matuta ya barabarani haigusi sana. Zote hizi ni za cheni, hamna mkanda wa taiming wa kubadilisha, ukiziwekea oili kwa wakati zinakwenda. Honda Fit na Mazda Demio ni gari nzuri sana kuendesha na hazili mafuta, lakini Fit nyingi ni CVT, gia ya otomatiki isiyo na hatua, na Honda wana oili yao ya gia, fundi akikutilia oili yoyote aliyonayo dukani umekwisha. Fit haibridi za mwanzo za 2013 na 2014 ziliitwa kiwandani mara kadhaa kwa tatizo la gia, hizo ikiwa huna fundi anayezijua ziwache. Alto na vigari vyengine vya cc 660 vinakula kidogo kweli, ila ukipakia watu wanne na mizigo injini inalia mpaka unaionea huruma, na ikilia ndo inakula.

Kuna jambo linawachanganya wengi siku hizi. Ukisikia Starlet mpya ya Afrika, ile ya kuanzia 2020, ile ni Suzuki Baleno iliyotengenezwa India ikatiwa alama ya Toyota, na Vitz mpya inayouzwa baadhi ya nchi za Afrika ni Suzuki Celerio. Ni gari nzuri na zinakula kidogo mno, tena mpya kabisa haina historia ya mtu. Lakini usiinunue ukidhani spea za Starlet ya zamani au Vitz ya baba yako zitaingia. Haziingii hata moja. Uliza kwanza chujio la hewa na pedi za breki zinapatikana wapi hapa, na bei gani, jibu utakalopewa litakutosha kuamua.

Kutu. Hapa ntakaa kidogo maana pamenikuta. Mie gari yangu ya kwanza nilinunua kutoka nje kwa mtu aliyenitumia picha kumi nzuri, za juu zote, hamna hata moja ya chini. Ilipofika bandarini Malindi inang'ara. Fundi akalala chini yake dakika mbili akatoka akanambia kaka hii imekwisha huku. Kumbe ilikuwa gari ya sehemu za theluji, kule wanamwaga chumvi barabarani kila baridi, chini kote kumeliwa. Na sisi tunaishi kisiwani, ukiiegesha Jambiani au Nungwi upepo wa bahari unamalizia kazi iliyoanzwa na theluji. Niliumia sana, ile pesa niliiweka miaka miwili kwa kazi za usiku. Kwahio ombi langu kwenu, dai picha za chini, dai na karatasi ya mnada ya Japani, ile wanayoandika hali ya gari kabla ya kuiuza, sio tafsiri ya muuzaji, karatasi yenyewe. Ina mchoro wa gari na herufi. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, XX ni kipande kilichobadilishwa. Ukiona daraja limeandikwa R au RA ujue imetengenezwa baada ya ajali. Daraja la 4 au 3.5 bila ya S na C nyingi linakutosha kwa gari ya kazi, hutaki gari ya maonyesho. Gari ya Uingereza pia ikague hivyo hivyo, chumvi wanamwaga na wao.

Mlioko Uingereza muna jambo la kheri ambalo wengi hawalijui. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamsamehe ushuru mtu anayehamia nyumbani kwa gari moja, ikiwa kaimiliki na kaitumia mwenyewe huko nje si chini ya miezi 12, na ule muda wa melini hauhesabiwi. Na gari inatakiwa ifike ndani ya siku 90 tangu ufike wewe, ukichelewa mpaka uombe uongezewe muda. Maana yake ukijua utarudi mwakani nunua sasa, gari ndogo ya petroli, iandike jina lako, weka bima, weka risiti zote. Ila angalia hapa: kama umeichukua kwa PCP, ule mkopo wa gari wa kulipa kila mwezi na malipo makubwa mwisho, gari sio yako mpaka umalize malipo ya mwisho, hata kama jina lako limo kwenye kadi ya V5C, ile kadi inaonyesha anayeitunza sio mwenye mali. Utakwenda na makaratasi kwenye forodha utaambiwa huna umiliki. Na masharti mengine yapo, kwahio waandikieni TRA Zanzibar kabla hamjalipa meli.

Mlioko Oman na Dubai, huko wanaendesha kulia na usukani uko kushoto. Gari yao inavutia, bei inavutia, lakini kupita gari ya ng'ombe kwenye barabara zetu nyembamba ukiwa umekaa upande wa ukingo ni hatari, huoni mbele mpaka gari nzima itoke. Mie siishauri.

Pesa sasa. Bei ya kwenye tangazo ni nusu ya habari. Kuna meli na bima, kuna ushuru unaotegemea ukubwa wa injini na umri wa gari, kuna usajili, kuna malipo ya bandari, na kila siku gari ikikaa pale inahesabiwa. Mwambie ejenti wa forodha akuandikie makadirio kabla hujalipa, kwa aina, mwaka na cc ya gari hio hio, na akwambie cheti gani cha ukaguzi kinatakiwa kabla haijapakiwa. Akikwambia usijali tutamaliza tu, tafuta mwengine. Na ile hati ya meli iandikwe jina lako wewe mwenyewe, ukimtumia ndugu akupokelee muandikie uwakilishi kisheria, hii si kumdhania vibaya, ni kumuepusha na maneno. Kumbukeni pia gari ukishaisajili huku namba ya Z, ukitaka kuhamia nayo Dar waulize TRA kwanza kama kuna kodi ya tofauti utalipa huko.

Kama kazi bado hujapata, nakuomba usinunue gari. Kweli kabisa. Panda daladala miezi mitatu, minne, utajua na njia yako halisi. Ukipata kazi na huna pesa taslimu na hutaki riba, ziko benki za Kiislamu zinafanya murabaha, benki inanunua gari kisha inakuuzia kwa bei na faida mliyokubaliana, haibadiliki. Usome mkataba wote.

Za umeme naulizwa pia. Nissan Leaf za mwanzo betri yake haina maji ya kupoza, na joto ndo linaloila, kwahio ile inayokuja rahisi ukiuliza imebaki uwezo gani utajua kwanini rahisi. Na sisi tulikaa gizani miezi mitatu kutoka Disemba 2009 baada ya waya wa baharini kuharibika, mie bado sijasahau.

Wenzangu wa Pemba muna hesabu yenu. Kisiwa ni vilima, Chake hadi Wete unapanda unashuka, na msimu wa karafuu gari haiwi tupu. Hapo cc 1000 inateseka, chukueni 1.3, mafuta inazidi kidogo tu na kwenye kilima ukiwa umepakia tofauti huioni. Nunueni gari ambayo Chake kuna mtu anayo nyengine kama hio, maana kipuri kikisubiriwa kutoka Unguja ni siku, na cha kuagiza Japani ni wiki.

Siku ya kuitoa bandarini nenda na fundi wako, asubuhi, injini ikiwa baridi, muache aiwashe yeye mwenyewe asikilize. Alale chini kwanza. Haibridi aangalie ule mdomo wa hewa pembeni ya kiti cha nyuma, ukiwa umejaa vumbi betri ilikuwa haipumui. Tairi angalia mwaka wake, zile namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2318 ni wiki ya 23 ya 2018, na tairi za zamani badilisha hata kama meno bado yapo. Kisha oili mwaga yote utie mpya siku ile ile, jaza tangi mpaka juu, andika kilomita kwenye simu, na ukijaza tena gawa. Hio ndo namba yako ya kweli.