Jinsi ya kupiga Romance, lile gitaa la Jeux interdits

Kama una gitaa la nyuzi za nailoni na unatafuta mziki wa filamu wa kuanza nao, Cavatina iache kwanza. Najua ni tamu, Stanley Myers katunga na John Williams kaipiga kwenye The Deer Hunter ya 1978 (huyu ni mpiga gitaa, sio yule wa Star Wars), ila vidole vinatanuka balaa na mwanzoni utakata tamaa bure. Anza na Romance. Ndo ile Narciso Yepes aliyopiga kwenye filamu ya Kifaransa Jeux interdits ya 1952, ya watoto wawili wakati wa vita. Nani hasa aliitunga watu wanabishana mpaka leo, tuwaachie wenyewe.

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mguu wa kushoto juu ya kistuli kifupi, gitaa likae paja la kushoto. Usidharau hiyo, maana utafika freti ya 12 (freti ni zile nafasi zinazogawanywa na vyuma kwenye shingo ya gitaa) na ukikaa hovyo mkono haufiki vizuri.

Mkono wa kulia: gumba uzi wa sita, ule mnene kabisa, shahada uzi wa tatu, cha kati wa pili, cha pete wa kwanza, ule mwembamba kabisa. Unapiga pete, kati, shahada, mara tatu, huku unahesabu moja mbili tatu, na gumba linagonga besi pamoja na pete kwenye "moja" tu. Mkono wa kushoto usiuguse kabisa, zungusha hivyo hivyo nyuzi zikiwa wazi mpaka uweze kuongea na mtu huku unapiga. Waliozoea gitaa kavu kwa gumba na shahada, ule mtindo wa Katanga, gumba lao liko vizuri ila kidole cha pete ni kivivu, huyo ndo wa kumfundisha.

Sasa wimbo wenyewe uko uzi wa kwanza, namba ni freti, 0 ni uzi wazi, na kila namba ni mzunguko mmoja wa pete, kati, shahada: 7 7 7, 7 5 3, 3 2 0, 0 3 7, 12 12 12, 12 10 8. Mpaka hapo nyuzi nyingine zote wazi, yaani unatumia kidole kimoja kimoja tu cha kushoto na tayari inasikika kama filamu. Kisha laza shahada freti ya 5, yaani kidole kimoja kibane nyuzi kadhaa kwa pamoja, gumba lihamie uzi wa tano wazi: 8 7 5, 5 7 8. Halafu laza freti ya 7, uzi wa tatu ubanwe freti ya 8, gumba lirudi uzi wa sita: 7 8 7, 11 8 7. Hiyo 11 ndo inawatoa watu jasho. Usikaze mkono mzima, sogeza kiwiko karibu na mwili kidogo na gumba la kushoto lishuke nyuma ya shingo ya gitaa, kidole kidogo kitafika. Zinazobaki nyepesi, unashuka tena 7 5 3, 3 2 0, kisha 2 2 2, 2 3 2 na unamalizia 0.

Kosa ninalolisikia sana ni noti zote kuwa na sauti sawa, unasikia triririri tu wimbo hauupati. Piga kwanza wimbo peke yake kwa kidole cha pete, usukume uzi kidogo kuelekea ubao kabla hujauachia, alafu ongeza kati na shahada taratibu kama unawanong'oneza. Jirekodi kwa simu uiweke mbali. Metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, weka 60 kwa dakika, basi, hawa wanaoikimbiza mtandaoni sijui wanakimbizwa na nani.

Kucha za kulia zitokeze kidogo tu na uzipige msasa laini, zikiwa na mikwaruzo uzi wa kwanza unalia vibaya. Sehemu ya pili inahamia ufunguo wa E meja, ina kulaza vidole kwingi, hiyo isubiri mpaka ile 11 itoke bila kukwama.