Kuanzisha biashara ya mtandaoni Mtwara: simu kwanza, programu baadaye

Usijifungie ndani kuandika programu tangu Januari ukitegemea kuizindua Septemba. Mkorosho haukusubiri. Ukianza kuchanua, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nao unaingia, na mkulima wa Tandahimba asiye na mashine ya kupulizia anamtaka mpuliziaji wiki hiyo hiyo. Kazi yangu ni kuwakutanisha hao wawili, na haya ndiyo ninayomwambia kila kijana anayeniuliza aanzie wapi.

Anzia kwenye simu na daftari. Tafuta wapuliziaji watatu wanne unaowaamini, kisha nenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, siku wakulima wanapochukua pembejeo, uwaambie: anayehitaji mtu wa kupulizia anipigie. Usiwaulize kama wangeipenda huduma hiyo. Watu wetu wana adabu, watakuitikia tu wasikuvunje moyo. Omba advansi, hata kidogo. Aliyetoa hela ndiye mteja. Nick Swinmurn, mwanzilishi wa Zappos, duka la viatu la mtandaoni kule Marekani, mwaka 1999 alipiga picha viatu vya duka la karibu, akaviweka mtandaoni, na mteja akiagiza anakwenda kununua dukani na kumtumia. Hakuwa na ghala, ila alipata jibu: watu wananunua viatu bila kuvijaribu.

Kipimo changu ni kimoja, mzunguko wa pili. Salfa, dawa ya ubwiriunga, haipulizwi mara moja ukamaliza, mti unarudiwa. Mkulima akikupigia tena, umefanikiwa. Asipokupigia, panda bodaboda umfuate shambani. Mzee mmoja wa Newala aliniambia, "Mwanangu, dawa yangu yote imeenda kwa jirani." Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia, lakini mpuliziaji wake alifika saa nne. Hakuna takwimu ya wageni wa tovuti ingeniambia hilo. Ndipo ikazaliwa meseji ya jioni: inamkumbusha mpuliziaji shamba la kesho, na asipojibu, kazi inapewa mwingine usiku huo huo.

Daftari likishakuelemea, andika programu, tena ndogo. Mimi natumia lugha ya Python na Django, mfumo wake wa kujengea tovuti, na kwa kuanzia kanzidata ndogo ya SQLite inatosha kabisa. Jedwali la maombi liwe na namba ya simu, kijiji, idadi ya miti, tarehe na hali ya kazi. Hapo kwenye namba ya simu tulia. Mmoja ataandika 0 mwanzoni, mwingine +255, mwingine ataacha nafasi katikati, na mkulima mmoja atageuka watu watatu, kipimo chako cha mzunguko wa pili kiwe uongo. Zibadilishe zote ziwe za mfumo mmoja kabla hazijaingia kwenye kanzidata. Weka majira ya seva kuwa Africa/Dar_es_Salaam, na kwenye meseji andika "saa 12 asubuhi", si 06:00. Tumia Git, chombo cha kutunza kila toleo la programu yako, tangu siku ya kwanza.

Programu ya kupakua kwenye simu iache kwanza. Wengi wana kitochi, meseji inawafikia. Malipo nayo yathibitishe kwa mkono hadi kazi ikuzidi.

Namba za watu ni dhamana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama uko peke yako na kompyuta moja: jisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mwambie mkulima namba yake unaitumia kwa kazi gani, na usimpe muuza pembejeo orodha yako, hata akikuahidi hela nzuri.