Somo: Kutumia hojaji ya DES bila kuipa kazi isiyo yake

Ninaandika somo hili ili atakayeuliza tena "nimepata 30, maana yake nini?" aelekezwe hapa. DES ni hojaji ambayo mhojiwa huijaza mwenyewe kupima disosiesheni, yaani hali ambayo fahamu, kumbukumbu na hisia ya nafsi huachana badala ya kwenda pamoja. Eve Bernstein na Frank Putnam waliichapisha mwaka 1986, na toleo linalotumika zaidi leo ni la 1993.

Hatua ya 1. Hakikisha mhojiwa ni mtu mzima.

Hatua ya 2. Mwache ajaze mwenyewe, bila mtu kuchungulia begani.

Hatua ya 3. Msisitizie kwamba yaliyompata akiwa amelewa pombe au dawa za kulevya hayahesabiwi. Ukiliruka hili, utakuwa umepima ulevi.

Hatua ya 4. Kila jibu ni asilimia, kuanzia 0 hadi 100. Jumlisha yote 28, kisha ugawe kwa 28.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wakishapata wastani hufunga jalada. Maswali hayana uzito mmoja. Kuzama katika filamu hata usisikie unapoitwa ni jambo la watu wengi, ilhali kukuta miongoni mwa vitu vyako kitu usichokumbuka kukinunua ni jambo jingine kabisa. Kwa sababu hiyo maswali manane ya aina hii ya pili yaliteuliwa yawe kipimo kidogo kiitwacho DES-T. Chukulia mtu mwenye jumla ya 504: wastani wake ni 18, na kwa haraka ungemruhusu aende zake. Lakini ikiwa 320 kati ya hizo zimetoka katika yale manane, wastani wake huko ni 40. Basi rudi kwenye kila jibu la juu, umwombe mfano mmoja wa karibuni. Angalizo: usimpe mfano wewe, na usimshinikize asimulie mkasa wa zamani, unatafuta namna dalili inavyotokea, wala hukusanyi ushahidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nimejijazia, nimepata 34. Nina ugonjwa gani?

Jibu: Hojaji haitaji ugonjwa. Kizingiti cha 30 huashiria kwamba uchunguzi zaidi unahitajika, kwa kawaida kwa usaili kama SCID-D, ambapo mtaalamu humhoji mtu ana kwa ana kwa maswali yaliyopangwa. Peleka majibu yako kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Swali: Naweza kumpa mwanangu wa miaka 13?

Jibu: Hatua ya 1 imeshajibu. Vijana wana A-DES, yenye maswali 30.

Swali: Mteja wangu ana alama ndogo, lakini hupoteza sauti na kufa ganzi, na madaktari hawaoni sababu. Je, DES imemkosa?

Jibu: Umeuliza jambo la maana sana. DES huuliza zaidi kuhusu kumbukumbu na fahamu, hivyo disosiesheni inayojitokeza mwilini inaweza kuipita. Ongeza SDQ-20, hojaji ya Nijenhuis na wenzake, ambayo huuliza hasa ganzi, maumivu, na kushindwa kusema au kusogea. Alama zake ni kati ya 20 na 100. Nayo pia huchuja tu, kwa hiyo uchunguzi wa kitabibu usiachwe.

Swali: Na anayejiona kama anajitazama kutoka nje ya mwili wake?

Jibu: DES inayagusa hayo kwa maswali machache tu. Kipimo cha Cambridge cha Sierra na Berrios, cha mwaka 2000, kina maswali 29 juu ya hali hiyo, nacho huuliza dalili hutokea mara ngapi na hudumu muda gani katika miezi 6 iliyopita.