Kujaza rangi ndani ya maumbo kwa Python

Python kwa kawaida huja na moduli ya turtle, inayochora kwa kumwongoza kasa (alama inayotembea kwenye dirisha), kwa hiyo huhitaji kupakua kitu kingine. Fungua faili jipya uliite maumbo.py. Usiliite turtle.py, maana Python italisoma faili lako badala ya moduli yenyewe na programu itagoma.

Hatua ya 1: mraba

```
import turtle as t

t.color("black", "gold")
t.begin_fill()
for i in range(4):
    t.forward(120)
    t.left(90)
t.end_fill()
t.done()
```

Rangi ya kwanza ni ya mstari, ya pili ni ya kujaza. t.done hukaa mwisho kabisa wa faili ili dirisha lisijifunge.

Hapa pa kujaza ndipo wanafunzi wengi hukwama. Tangu begin_fill, kila pointi anayofika kasa huwekwa kwenye kumbukumbu, na rangi humwagwa pale tu anapofika end_fill. Ukiisahau end_fill, utaona mistari mitupu. Ukibadilisha rangi ya kujaza katikati, umbo zima litachukua ile ya mwisho. Hata ukiinua kalamu kwa penup, pointi zinaendelea kuhesabiwa, kwa hiyo msogeze kasa kabla ya begin_fill.

Hatua ya 2: umbo lolote

```
def umbo(pande, urefu, rangi):
    t.fillcolor(rangi)
    t.begin_fill()
    for i in range(pande):
        t.forward(urefu)
        t.left(360 / pande)
    t.end_fill()

umbo(3, 120, "tomato")
umbo(6, 70, "skyblue")
```

Kasa hugeuka kwa pembe ya nje. Pembetatu yenye pande sawa inataka 120, si 60. Akimaliza mzunguko atakuwa amegeuka nyuzi 360.

Hatua ya 3: nyota

Wengi huchora nyota kwa mistari mitano inayokatana, wakigeuka nyuzi 144. Kwenye baadhi ya kompyuta katikati hubaki peupe, kwa sababu kujazwa kwa sehemu zinazopishana hutegemea mfumo wa michoro. Mimi napendelea kufuata ukingo wa nje tu:

```
t.fillcolor("crimson")
t.begin_fill()
for i in range(5):
    t.forward(60)
    t.right(144)
    t.forward(60)
    t.left(72)
t.end_fill()
```

Mistari haikatani popote, hivyo nyota hujaa yote. Ukitaka rangi zako mwenyewe, andika t.colormode(255) mwanzoni mwa faili, chini ya mstari wa import, kisha upe namba tatu za nyekundu, kijani na bluu: t.fillcolor(230, 120, 30).