Land Rover 109 ya zamani: soma viraka vyake kabla ya kuvibandua

Land Rover yangu ni 109 (yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) Series III ya mwaka 1977, injini ya petroli ya cc 2,286. Niliinunua Iringa kutoka kwa familia ya mkulima aliyefariki. Ilikuwa inawaka na inatembea, na chini ya dashibodi ilikuwa na swichi saba ambazo kiwandani Solihull hawakuziweka. Mzee yule aliitumia kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila spea ilipokuwa mbali au ghali alitafuta njia nyingine. Bila njia zake hizo gari ingekuwa imeshakatwa chuma chakavu. Nami nilikaa nayo miezi minane nikizifungua moja moja.

Wiki ya kwanza nilitaka kung'oa kila kisicho cha asili. Nashukuru nilichelewa. Kiraka huwekwa kwa sababu kuna tundu. Ukikibandua bila kujua tundu liko wapi, unabaki na gari la asili lisilotembea. Kwa hiyo kila ukikuta kitu cha kigeni, jiulize kwanza: aliyekiweka alikuwa anakimbia tatizo gani?

Anza na namba. Kwenye Series III namba ya chesisi imepigwa kwenye chuma cha mbele kulia, pale springi inaposhikia. Piga brashi ya waya uisome. Namba ya injini iko ubavuni mwa bloku, mbele kushoto, karibu na manifoldi ya ekzosi. Linganisha zote mbili na kadi ya gari. Kama injini ilibadilishwa na kadi haikurekebishwa, malizana na TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujatumia shilingi kwenye spea. Injini ikiwa ni ileile 2,286, angalia pia umri wake: kuanzia 1980 zilikuja na beringi kuu tano badala ya tatu, na fundi anayekununulia beringi lazima ajue ipi ni ipi.

Kisha breki, kabla ya kitu kingine chochote. Yangu ilikuwa inakanyagika vizuri, ngumu kabisa, ila ikivuta upande mmoja ukifunga ghafla. Nikamwomba kijana wa gereji akanyage pedali huku mimi nikifungua kibolti cha kutolea upepo kwenye kila gurudumu. Matatu yalitoa mafuta. La nyuma kushoto halikutoa hata tone. Nilipofungua bomba nikakuta goroli ya beringi imekaa ndani ya kiungo, imebanwa na nati. Silinda ya gurudumu ilikuwa imekufa kwa kutu na kuvuja, na mtu akaamua kulifungia gurudumu zima mafuta. Gari la zaidi ya tani moja na nusu lilikuwa linashuka milima kwa breki tatu. Sikulala vizuri usiku ule, nikikumbuka kwamba nilikuwa nimeliendesha hadi nyumbani na watoto nyuma.

Kwa hiyo fanya jaribio hilo kwenye magurudumu yote manne, hata kama pedali inakuridhisha. Ukikuta lisilotoa, usitoe goroli tu ukafunga. Nunua silinda mpya, mpira wa breki mpya, na fungua ngoma uangalie viatu vyake, kwa kuwa vimekaa bila kazi. Kuna mtego mmoja hapa: nyuzi za bomba za gari hili ni za inchi, 3/8 UNF, wakati mabomba ya gari za Kijapani yaliyojaa madukani ni ya milimita 10. Zinafanana kwa macho. Nati ya milimita 10 ukiilazimisha itaharibu silinda, na ya inchi 3/8 kwenye tundu la milimita 10 itashika kidogo halafu itachomoka siku unayoihitaji. Nati ikikataa kuingia kwa vidole mizunguko miwili mitatu, siyo yake.

Umeme ndio uliokula muda wangu mwingi. Toa terminali ya hasi ya betri, kaa chini na tochi, na usikate waya wowote siku hiyo. Waya za asili za gari hizi zina lugha yake. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri. Nyeupe ni unaokuja ukifungua swichi ya ufunguo. Kijani ni huohuo ukishapita kwenye fyuzi. Nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, nyeusi ni ethi. Buluu yenye mstari mweupe ni fulu, buluu yenye mstari mwekundu ni dimu; kijani yenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, yenye mweupe ni ya kulia. Ukishajua hivyo, wageni wanajitaja wenyewe: mimi nilikuta waya za nyumba, waya za spika, na kipande cha waya wa pasi.

Mfuate mgeni kuanzia mwisho wake, yaani kwenye taa au pampu, ukirudi nyuma kuelekea betri. Ukianzia kwenye fundo chini ya dashibodi utapotea. Kila waya ukiutambua, ufunge kipande cha tepu ukiandika unakotoka na unakokwenda. Swichi zangu saba zilijieleza hivi: mbili hazikwenda popote. Moja iliwasha koili bila ufunguo, maana swichi ya ufunguo ilikuwa imeungua ndani. Mbili zilikuwa za fulu na dimu, kwa sababu mkono wa kwenye usukani ulivunjika. Moja ya pampu ya petroli. Ya saba nitaifikia.

Kwenye kibweta cha fyuzi kulikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Usirudishe fyuzi kwa kusoma namba tu. Fyuzi za glasi za Lucas zilizoandikwa 35 zilihesabiwa kwa umeme unaozikata. Zinachobeba muda wote ni kama nusu yake, ampia 17. Fyuzi za glasi za siku hizi huandikwa kile zinachobeba. Ukiweka 35 ya dukani, waya utaungua kabla ya fyuzi. Mimi naweka 15.

Sasa petroli. Pampu ya umeme ilikuwa imepewa umeme moja kwa moja kutoka betri, bila fyuzi, bila ufunguo. Ukipinduka, injini inazima na pampu inaendelea kumwaga. Chanzo chake kilikuwa ngozi ya ndani (diaframu) ya pampu ya asili iliyochanika. Kabla hujawasha gari la namna hiyo, chomoa dipstiki unuse: ngozi ikichanika, petroli huweza kushukia kwenye oili, na oili nyepesi inakula beringi. Nilibadilisha oili, nikapata pampu mpya ya asili inayosukumwa na injini yenyewe, na ile ya umeme ikaondoka.

Kabureta lilikuwa la Kijapani juu ya bamba lililokatwa kwa mkono. Zenith 36 IV la asili nililikuta limetupwa kwenye sanduku la vifaa. Ugonjwa wake unajulikana: uso wa kifuniko hupinda, na ringi ndogo ya mpira ndani hukauka. Niliusugua uso juu ya kioo chenye msasa laini, nikabadilisha ringi, likatulia.

Themostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haikuwepo, na hapa mafundi wengi hatutaelewana. Huitoa wakiamini injini itapoa zaidi. Kwenye injini hii kuna bomba fupi linalorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Themostati isipokuwepo, sehemu ya maji ya moto hujizungukia tu humo. Asubuhi inaendeshwa baridi mno, mlimani inachemka. Lakini nisingeirudisha siku ileile. Ilitolewa kwa sababu rejeta ilikuwa imeziba. Nilipeleka kwa fundi wa rejeta akafungua tanki la juu na kupitisha chuma kwenye kila njia, tope likatoka, ndipo nikaweka themostati mpya. Kupanda mlima Kitonga mshale wa joto haukufika juu.

Bodi nitaipita haraka. Ni aluminiamu, kwa hiyo sumaku ikinasa kwenye bawa, hapo pamewekwa kiraka cha bati. Chesisi ni chuma, igonge kwa nyundo ndogo kila shubiri; mlio mfu maana yake kutu iliyofunikwa kwa bamba. Kata hadi chuma kizima ndipo uchomelee.

Vingine niliviacha. Mikanda ya viti aliyoongeza mzee imebaki. Kikanyagio alichochomelea chini ya mlango wa abiria kimebaki pia. Mama mjane aliniambia alikitengeneza alipoanza kuumwa magoti, na hakijagusa kitu cha maana.

Rudisha kitu kimoja, endesha kilomita ishirini, fungua boneti, angalia, andika kwenye daftari. Ukirudisha vitatu kwa pamoja na gari likagoma, hutajua nani kagoma. Ulivyovitoa vitunze kwenye boksi vikiwa na majina mpaka msimu wa mvua upite.

Swichi ya saba bado ipo. Ni ya taa ya nyuma ya kupakilia mzigo usiku, ameipitisha kwenye fyuzi yake, waya umefungwa vizuri kufuata chesisi. Nimeibandikia jina tu.