Orodha mbili za namba: zinafanana kwa lipi?

Ukilinganisha orodha mbili kwa `==`, Python hukujibu jambo moja tu: namba ni zilezile, kwa mpangilio uleule, au sivyo. Mimi hushinda na vipimo vya joto, na jibu hilo hunifaa kwa nadra. Tazama hizi:

```python
a = [20, 25, 15, 30]
b = [22, 27, 17, 32]
c = [68, 77, 59, 86]
```

`b` imetoka kwenye kipimajoto kinachoongeza nyuzi 2 kila mara. `c` ni `a` yenyewe, ila kwa Farenhaiti. `==` itazikataa zote, ilhali joto lililopimwa ni lilelile.

Kwa hiyo mimi huacha namba zenyewe na kutazama hatua kati ya namba na inayofuata:

```python
from itertools import pairwise

def hatua(orodha):
    return [y - x for x, y in pairwise(orodha)]
```

`pairwise` inahitaji Python 3.10 au ya baadaye. Sasa `a` na `b` zote zinatoa `[5, -10, 15]`. Ile nyongeza ya 2 imejifuta yenyewe. `c` inatoa `[9, -18, 27]`. Bado haijalingana, kwa sababu kila hatua imekuzwa mara 1.8. Hapo uliza mwelekeo peke yake:

```python
def mwelekeo(orodha):
    return [(h > 0) - (h < 0) for h in hatua(orodha)]
```

Zote tatu: `[1, -1, 1]`. Ila kipimo hiki ni kilegevu mno kwa orodha fupi. Namba nne zina hatua tatu tu, na kupanda-kushuka-kupanda kunaweza kutokea kwa bahati. Usikiamini peke yake.

Tahadhari kubwa ni desimali. `0.3 - 0.1` hutoa `0.19999999999999998`, basi `==` ikitumika kwenye hatua za desimali itakuangusha. Tumia hii, inayovumilia tofauti ndogo mno:

```python
import math

def sawa(p, q):
    return all(math.isclose(x, y, abs_tol=1e-9)
               for x, y in zip(hatua(p), hatua(q), strict=True))
```

Usiondoe `strict=True`. Bila hiyo, `zip` hukatia pale orodha fupi inapoishia, kimya kimya, nawe unapewa `True` ya uongo.

Orodha zikiwa ndefu na vipimo vikiyumbayumba, `statistics.correlation(a, c)` ndiyo njia yangu: ikikaribia 1 zinakwenda pamoja, ikikaribia -1 zinakwenda kinyume. Ila orodha isiyobadilika, kama `[7, 7, 7]`, itazua `StatisticsError`, kwa hiyo ichuje kwanza.